Wenye Mto na Wenye Bomba

Kibungo Juu, Uluguru. Mashamba yamening'inia mteremkoni na vijito vinateremka kuelekea Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Mwenyeji wangu ananionyesha anavyochimba: anakata mfereji kukingama mteremko, anarusha udongo upande wa juu, kisha anapanda mananasi ukingoni yaushike. Mvua ikipiga, samadi inabaki shambani.

Matuta hapa yana historia chungu. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuyachimba, mpaka 1955 wakagoma na kuandamana, na mpango ukafa. Haya ya sasa yalikuja kwa mapatano: mashirika ya CARE na WWF yalikaa na wanakijiji, mkulima akalipwa kwa eneo alilohifadhi, na watumiaji wakubwa wa maji mjini wakaombwa wachangie.

Wanjohi, Nyandarua, Kenya. Baridi, viazi, ng'ombe wa maziwa. Maji ya huku yanaingia Mto Malewa hadi Ziwa Naivasha, kwenye mashamba ya maua. Mashirika ni yaleyale, ila malipo ni vocha ya kununulia pembejeo, na wanaochanga ni chama cha watumiaji maji wa ziwani. Ukame wa 2009 uliposhusha ziwa, wenye maua walijua thamani ya aliye juu. Mama mmoja anakata majani ya nepia aliyoyapanda kwa mistari kuzuia udongo. Jioni ni chakula cha ng'ombe wake.

Nikilinganisha, tofauti ni mbili. Nepia inamlipa mama yule kwa maziwa hata vocha ikichelewa. Uluguru ng'ombe ni wachache, mkulima anasubiri nanasi liive. Pili, Naivasha mlipaji na mlipwaji wanakunywa maji ya bonde moja, lakini mkazi wa Dar hajui hata Kibungo iko wapi. Anachosikia mkulima kutoka serikalini ni sheria ya mazingira ya 2004: asilime ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwa mwenye kishamba cha bondeni, mita 60 ndilo shamba lenyewe.

Nairobi ilianza kuchangia wakulima wa Tana ya juu kupitia mfuko wa maji uliozinduliwa 2015. Dar nayo iweke mchango wa Uluguru kwenye ankara ya maji, uonekane, na ufike kijijini. Amri ilishajaribiwa mlimani, ikashindwa.