Juba, Kwa Garang

Mwenye asubuhi moja tu Juba asianzie mtoni. Nile haihami. Apande boda aende kwenye kaburi la John Garang, na aende mapema kabla jua halijakaza. Kuna askari pale, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa simu upige picha.

Kwetu Waswahili huyu si mgeni kabisa. Baada ya kuhitimu Chuo cha Grinnell, Marekani, mwaka 1969, alikuja Dar es Salaam, akaingia katika kundi la wanafunzi wanamapinduzi alimokuwamo Yoweri Museveni, rais wa baadaye wa Uganda. Usuhuba huo ulidumu hadi siku yake ya mwisho.

Aliongoza waasi wa kusini mwa Sudan katika vita vya msituni dhidi ya serikali ya Khartoum tangu 1983. Juba yenyewe hakuipata: jeshi lake liliivamia mwaka 1992, likarudishwa nyuma. Januari 9, 2005 amani ikasainiwa Nairobi, na Julai 9 akaapishwa Khartoum kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Wiki tatu tu. Julai 30, akitoka kumtembelea Museveni Rwakitura, helikopta ya rais wa Uganda aliyopanda ilianguka milimani, kusini mwa Sudan karibu na mpaka. Watu wote 14 walikufa. Khartoum na Juba zikalipuka kwa ghasia. Uchunguzi ulitaja kosa la rubani. Wapo wasiokubali hadi leo, na mgeni hana haja ya kubishana nao.

Agosti 6 mji ule uliomshinda vitani ukampokea kwenye jeneza.

Ninachokipenda hapa ni kwamba pamekataa kuwa makaburini tu. Julai 9, 2011, siku ya uhuru, miaka sita kamili tangu kile kiapo cha Khartoum, umati ulijaa uwanja huuhuu, bendera ya Sudan Kusini ikapandishwa. Februari 2023 Papa Francis akaongoza misa hapahapa. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Desemba 2013 navyo vilianzia Juba, kati ya watu waliokuwa chini ya Garang msituni. Ukisimama pale hulikwepi hilo.

Ukimaliza, nenda soko la Konyo Konyo ule samaki wa Nile. Kama askari walikukatalia picha, usinune: utakapolipia, tazama noti ya paundi mkononi. Ndiye huyo, na ndevu zake.