Kuivika Chole Ngozi

Washikaji wanaocheza gemu hawaulizi ukuta umevaa nini. Mimi nauliza, maana gemu ninayoitengeneza inatokea Chole, kisiwa kidogo pale Mafia, na picha za bure za kuvalishia vitu nyingi ni za matofali ya kuchoma na mbao za misonobari. Sasa gofu la Chole ukilivika tofali la Ulaya si umelibomoa? Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Wajerumani walihamishia makao Kilindoni mwaka 1913, na leo mizizi ya miti ndiyo wenye nyumba. Nikapiga picha zangu mwenyewe.

Kasheshe ni kwamba picha ni bapa, na vitu vina mgongo na tumbo. Kompyuta huligawa umbo kuwa pembetatu nyingi, kisha kila kona hupewa namba mbili, u na v, kati ya 0 na 1, za kuiambia ichukue rangi sehemu gani ya picha. Ujanja huo aliuanzisha Edwin Catmull mwaka 1974, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Utah, Marekani.

Ukuta hauna kazi. Mnazi nao hausumbui: shina lenye kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa kama sentimita 94, unalikunjua tu kama mkeka. Ukizunguka nyuzi 90, u ni 0.25. Hakuna kinachovutika.

Ila chungwa, bwana! Muuza machungwa humenya ganda likaning'inia utepe mmoja. Ulaze huo utepe mezani, utajipinda. Ulazimishe kunyooka, utachanika. Gauss alishathibitisha mwaka 1827 kwamba ngozi ya tufe hailaliki bapa bila kuvutwa wala kuchanwa. Lazima ukate, na mkato usipoutafutia maficho utaonekana kama kovu usoni.

Kilichoninyima usingizi ni jahazi. Limebonyea huku, limefura kule. Nikaenda pwani kuwatazama mafundi, watu wanaounda chombo kizima kwa jicho, bila mchoro. Ubao wa ubavuni hauwi mstatili: katikati mpana, ukikaribia omo unapungua na kupinda kama upanga. Zibandue mbao zote uzilaze mchangani, tayari unayo ngozi ya jahazi, imeshakatwa! Nikakata picha yangu ubao kwa ubao, mishono yangu ikifuata yao, palepale wanapopiga kalafati. Macho ya mchezaji yanategemea kuona mstari pale, hivyo hayashtuki.

Nilimpelekea mzee mmoja fundi aione. Nikamwamkia, nikaligeuza jahazi kwenye skrini. Hakusema zuri wala baya. Aliinama, akaufuata kwa kidole ubao wa tatu mpaka unapokutana na omo.

"Mwanangu, hapa umetia pamba?"