Namba 102

Semista iliyopita nilibakiza kidogo nile sapu ya mitandao. Nasomea ualimu, hesabu na kompyuta, na kilichonitoa jasho ni frem rilei.

Upande wa CIR nilielewa mapema. Ni ahadi ya kasi, tuseme kilobiti 64 kwa sekunde. Ukizidisha hukatazwi, ila fremu za ziada zinapigwa alama ya DE, na msongamano ukitokea hizo ndizo za kwanza kutupwa.

DLCI ndiyo iliyonikomesha. Niliidhani ni anwani ya ruta ya mbali, kama namba ya simu. Kwenye zoezi, ruta ya kwanza ilitakiwa 102 na ya pili 201. Mimi, kwa kujiamini, nikaweka 102 kote. Pingi haikwenda. Nikakesha maabara nikilaumu kebo.

Rumeti wangu akaniuliza, "Kwenu wanakuitaje?"

"Bibi. Nimerithi jina la bibi yangu."

"Na hapa?"

"Ticha."

"Sasa mtu apige hodi kwenu aulizie Ticha, nani atamjua?"

Nikacheka, kisha nikanyamaza. Saketi ni moja, lakini kila ruta ina namba yake ya kuiita, inayoeleweka kati yake na swichi ya jirani tu. Neno hilo nililikariri tangu wiki ya pili bila kulielewa.

Nilipata C. Mwezi ujao naenda kufundisha kwa vitendo. Mwanafunzi akiandika 102 kote, kabla sijamchorea iksi nitamuuliza kwao anaitwaje.