Wamesogeza Mbele! Kimbembe cha kukwea pipa Dodoma

MPENZI msomaji, leo nakupeleka Dodoma, kwetu, mji wa zabibu, mlenda na vumbi. Lakini hatuendi kuangalia jengo la Bunge wala kupiga picha Nyerere Square. Tunakwenda uwanja wa ndege, mahali ambapo mimi nilitolewa nishai mpaka leo nikisikia mlio wa pangaboi nageuza shingo.

Tuanze na uwanja wenyewe. Kama umezoea Dar, unajua kwamba kwenda kupanda ndege ni safari kabla ya safari. Unatoka Sinza, unakwama Tazara, jasho linakutoka, dereva anakwambia "tulia bosi tutawahi", na wewe moyoni unasoma dua zote unazozijua. Dodoma hakuna hayo. Uwanja uko mjini kabisa. Ukitoka Nyerere Square kwa bodaboda ni dakika chache tu, na kata yenyewe inaitwa Kiwanja cha Ndege. Wapo watu wanaokwenda kupanda pipa kwa miguu, begi mgongoni, kama anayekwenda dukani kununua sukari.

Ndiyo maana watoto wa mitaa ya jirani hawashtuki ndege ikipita juu ya bati. Wanajua ile ya asubuhi na ile ya jioni. Mama wa jirani yetu alikuwa anainjika maharage kwa kufuata ndege, si saa ya ukutani. Siku ndege ikichelewa, na maharage yanachelewa.

SIKU NILIYOACHWA

Sasa nisikilize. Mwaka 2023, mwezi wa kumi, niliitwa kwenye usaili wa kazi Dar es Salaam. Usaili Jumanne asubuhi. Dada yangu anayeishi Dar, Mungu ampe maisha marefu, akasema safari hii mdogo wangu hupandi basi, nakukatia tiketi ya ndege ufike umenyooka nguo. Jamani! Mtoto wa Dodoma, kidato cha nne, kukwea pipa kwa mara ya kwanza! Mtaa mzima ulijua. Hata wale ninaodaiana nao walijua.

Ndege ilikuwa Jumatatu saa tisa alasiri. Jumapili jioni dada akanipigia. Namba ya simu kwenye tiketi ilikuwa yake, kwa hiyo ujumbe ulikwenda kwake. Akasema: "Mdogo wangu, shirika limetuma meseji. Wamesogeza mbele masaa mawili."

Nikamjibu, "Sawa dada, hamna noma."

Msomaji wangu, hebu jipime wewe mwenyewe. Ukiambiwa ndege ya saa tisa imesogezwa mbele masaa mawili, inaondoka saa ngapi? Mimi nilisema saa kumi na moja. Basi Jumatatu nikaamka polepole, nikapiga pasi shati, nikala ugali na mlenda wa kuagana, nikasindikizwa na wadogo zangu watatu. Saa tisa kamili tumefika, kifua mbele.

Uwanja kimya. Mlinzi mmoja anasinzia. Dada wa pale mezani akaangalia karatasi yangu, akaniangalia mimi, akaangalia tena karatasi. "Kaka, hii imeondoka saa saba."

Kumbe wao "mbele" yao ilikuwa kuwahi. Mimi "mbele" yangu ilikuwa kuchelewa. Kiswahili ni kimoja, ndege imekwenda. Sikuwa na wa kumlaumu: dada alisoma alichoelewa, shirika lilituma lilichotuma, na mimi sikuuliza swali la mtoto wa darasa la pili: saa ngapi?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nje ya geti pale pale alikuwepo Mjomba. Mjomba wangu ni dereva teksi, kijiwe chake ni hapo uwanjani miaka nenda rudi, na ratiba anayo kichwani kuliko hata kompyuta. Akatikisa kichwa. "Mpwa wangu, mimi ndege hiyo nimeiona inapaa kwa macho yangu. Kwa nini hukuniuliza?"

Nilipanda basi la saa kumi jioni, nikashuka Mbezi usiku wa manane, na asubuhi nikaingia kwenye usaili macho mekundu kama mvuta bangi. Kazi sikupata. Ndiyo maana unanisoma hapa.

KWA NINI ZINABADILIKA?

Tangu siku hiyo nikaanza kuwa mwanafunzi wa Mjomba. Nikikosa kazi nakwenda kukaa naye kijiweni, ananifundisha ndege.

Kwanza, anasema, usidhani kuna ndege inayolala Dodoma ikikusubiri wewe. Pangaboi moja kama Q400 ya Air Tanzania, inayobeba abiria 76, inaweza kwenda miji kadhaa kwa siku moja. Ikipata mvua asubuhi mji mwingine, wewe wa Dodoma unaona jua kali tu halafu unaambiwa ndege imechelewa. Unakasirika, unasema wanadanganya. Hawadanganyi. Mvua ilinyesha kwa wengine.

Pili, Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na joto la mchana si mchezo. Hewa ya juu na ya moto ni nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Mwaka 2016 njia ya kurukia ilirefushwa kutoka kilometa mbili hadi mbili na nusu, na hapo ndipo ndege kubwa kidogo zilipoanza kuuzoea mji.

Tatu, na hili ndilo Mjomba analipenda, ndege za Dodoma zinafuata watu. Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka Juni, teksi hazikauki abiria. Bunge likiahirishwa, madereva wanacheza bao mpaka kete zinang'aa. Na katika wiki, Jumatatu asubuhi ndege zinaleta watu wenye mafaili. Ijumaa jioni zinawarudisha wenyewe, mafaili wameyaacha.

"Ukitaka kujua kama Dodoma imekuwa makao makuu kweli," Mjomba aliniambia, "usiangalie maghorofa. Angalia Ijumaa jioni."

MJI ULIOZOEA KURUKWA

Usidhani mambo ya ndege Dodoma yameanza juzi. Januari 1932 shirika la Waingereza, Imperial Airways, lilianza safari ya London hadi Cape Town, na moja ya vituo vyake baada ya Nairobi na Moshi ilikuwa Dodoma, kisha Mbeya. Ndiyo, msomaji, Dodoma! Wazungu na mifuko ya barua kutoka London walikuwa wanatua kwetu ili ndege ipate mafuta. Na reli ya Mjerumani ilikuwa imefika hapo tangu 1910.

Halafu ikaja 1937. Zikaletwa ndege za kutua majini, njia ikahamia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi mpaka Durban. Dodoma bahari haina. Ikaachiwa ndege ndogo za kuunganisha, wakubwa wakapita pwani. Ratiba ilibadilika, mji ukarukwa.

Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma, na mpango ulikuwa wa miaka kumi. Miaka kumi ikapita. Ikasogezwa mbele. Ishirini ikapita. Ikasogezwa mbele. Mpaka Julai 2016 Rais Magufuli aliposema sasa serikali inahama, Waziri Mkuu Majaliwa akahamia Septemba ile ile, na Aprili 2018 mji ukatangazwa jiji. Kumbe hata mji mzima unaweza kuachwa uwanjani kama mimi, begi mkononi, ukiambiwa "mbele" bila kuambiwa saa ngapi.

TRENI IMEINGIA ULINGONI

Mambo yalipoanza kumnyookea Mjomba, ikaja treni ya umeme. Julai 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma, na Agosti mosi Rais Samia akaizindua rasmi. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa shilingi 31,000. Mwendo wake unafika kilometa 160 kwa saa.

Desemba 2024 niliipanda mwenyewe. Nikae kwenye ukweli: ni bomba. Ndege inachukua kama saa moja hewani na treni kama saa nne, lakini ongeza kuwahi uwanjani, ongeza kukaguliwa, ongeza Tazara, halafu piga hesabu tena. Treni inakushusha katikati ya Dar. Na hakuna aliyenipigia simu kuniambia imesogezwa popote.

Nilipomsimulia Mjomba, alinyamaza kidogo. Wale abiria wake wa Ijumaa, wale vijana wa maofisini waliokuwa wanajibana kupanda ndege, wengi walikuwa wameshahamia stesheni. Waliobaki ni wakubwa, na wakubwa wana magari yao yanawangojea.

Na hapo bado Msalato. Uwanja mpya wa kimataifa, jiwe la msingi liliwekwa na Rais Samia tarehe 30 Oktoba 2022, njia ya kurukia kilometa 3.6, kaskazini mwa jiji kwenye barabara ya kwenda Arusha. Sisi Msalato tulikuwa tunaijua kwa mnada wa Jumamosi, unakwenda na elfu zako kadhaa, unachomewa mbuzi, unarudi umenuna kwa shibe. Mjomba alinichukua kwenda kuuona wakati ujenzi unaendelea. Tulisimama pembeni ya barabara, vumbi jekundu, malori yanapita. Mzee mmoja Mgogo alipita na ng'ombe wake, akatusalimu "Mbukwenyi!", tukaitikia, akaendelea zake.

Nikamuuliza Mjomba: ndege zikija huku, utafanyaje?

Nilitegemea alalamike. Ana watoto wanne shuleni, gari lenyewe la mkopo, na kijiwe cha mjini alichokitolea jasho. Akasema: "Nimeshapiga hesabu. Kutoka mjini kuja hapa hakuna atakayetembea kwa miguu. Kule mjini mtu anavuka barabara yuko nyumbani, mimi napata nini? Huku lazima apande gari. Ila mpwa wangu, kuna jambo moja. Ndege zije na watu wanaokaa. Ukiwa na mgeni wa siku nne unampeleka hotelini na kumrudisha, basi. Mtu anayekaa nampeleka hospitali, nampeleka harusini, nampeleka kumpokea mama yake. Huyo ndiye anayenisomeshea watoto."

Tulirudi mjini, tukapita tena kwenye geti lake la zamani. Ilikuwa Ijumaa jioni. Abiria wamejipanga na vibegi vyao vya magurudumu, wanaondoka. Lakini nikaona kitu ambacho zamani sikukizoea: dada mmoja na watoto wawili wamesimama upande wa wanaowasili, wanasubiri. Ndege ikatua, baba akatoka, watoto wakamrukia. Alikuwa anarudi nyumbani wikiendi, na nyumbani ni Dodoma.

Mjomba akanipiga kiwiko. "Umeona?"

Niliona.

Basi msomaji wangu, ukija Dodoma, kwa pipa au kwa treni, karibu. Zabibu zipo, mbuzi wa Msalato wapo, na Mjomba yupo, utamkuta kijiweni anachungulia angani. Ila nakuusia jambo moja, nami nimelilipia kwa kazi na kwa shati la pasi: ukiambiwa safari imesogezwa mbele, usiseme sawa. Uliza saa ngapi. Tukutane wiki ijayo, inshallah.