Ukoo Uliorudi Uzigua

Ndugu msomaji, ukiulizwa leo jina la ukoo wako, utajibu nini? Wengi wetu tutataja jina la babu, kwa kuwa ndilo lililoandikwa katika vyeti vyetu. Lakini mtoto naye atabeba jina la babu yake, na mjukuu vivyo hivyo, hata baada ya vizazi vitatu au vinne jina la awali limekwisha kufutika. Hapo watu wa damu moja waweza kuketi pamoja katika basi, wakasafiri kutwa nzima, na wakaagana pasipo kujuana. Ikiwa wataka kujua udugu hutunzwa wapi pale jina linapopotea, twende pamoja hadi Handeni.

Ukitoka Chalinze kuelekea Segera utafika Mkata. Hapo waiacha barabara kuu na kushika njia ya magharibi iendayo Handeni. Hii ndiyo nchi ya Wazigua, inayoanzia mto Pangani upande wa kaskazini na kuteremka hadi mto Wami upande wa kusini. Ni nchi ya mahindi na vichaka, na tangu kale ukame umekuwa mgeni wake wa mara kwa mara. Ukame huo ndio chanzo cha habari yetu.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba Uzigua. Masimulizi ya wazee yanaeleza kuwa watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Wengine wakajiweka rehani, wengine wakahadaiwa kwa ahadi ya kazi ng'ambo. Walipakiwa majahazini, wakapelekwa pwani ya Benadir katika Somalia ya leo, wakauzwa ili walime mashamba ya bonde la mto Shebelle. Waliothubutu walitoroka, wakaingia katika misitu ya mto Juba, wakafyeka mashamba na kujenga vijiji vyao wenyewe. Masimulizi hayo humtaja mwanamke, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza katika safari hiyo ya uhuru.

Huko walikaa zaidi ya karne moja. Walisilimu, wakachukua majina ya Kiislamu na ya Kisomali, na majirani wakawapachika jina la Mushunguli. Aliyesoma majina yao katika karatasi asingaliona dalili yoyote ya Handeni. Hata hivyo, mambo mawili yalibaki. La kwanza ni lugha, kwani nyumbani waliendelea kuzungumza Kizigua. La pili ni ukoo wa mama. Wazigua wa kale walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mama hakumhitaji karani ili amwambie mwanawe: sisi ni watu wa ukoo fulani.

Mwaka 1991 Somalia ilipoingia vitani, watu hao walikimbia. Wengi waliishia katika kambi za Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, Wazigua wakiwa miongoni mwao, walihamishiwa Marekani. Wengine walishika njia ya kusini hadi Tanga, wakaomba hifadhi katika nchi waliyosimuliwa na bibi zao. Walipokewa Mkuyu, wilayani Handeni, na mwaka 2003 wakafunguliwa makazi ya Chogo, wakapewa ardhi ya kulima. Baadaye mamia yao walipata uraia wa Tanzania.

Fikiri, msomaji, mgeni atokaye Somalia anaomba maji, na mwenyeji anasikia Kizigua cha bibi yake! Baada ya vizazi vingi namna hiyo, nani angetarajia kuonyeshwa ua alimozaliwa mhenga wake? Lakini aliyeweza kutaja ukoo wa mamaye alikuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo na wazee wa Handeni, na mazungumzo hayo ndiyo huzaa udugu.

Basi nasi tufanye nini? Jumapili hii, mwendee bibi au mzee yeyote aliyebaki katika jamaa yenu. Muulize ukoo wa baba na ukoo wa mama. Muulize mlitoka wapi kabla ya hapo mlipo, na ni jambo gani lililowahamisha: njaa, vita, ndoa au kibarua cha mkonge. Muulize pia ni nani aliyeondoka asirudi. Andika majibu katika daftari, kisha wasomee watoto, maana daftari lisilosomwa halina tofauti na kaburi.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wale wa mto Juba walitiwa utumwani, na asili yao hawakuiacha. Sisi tuliozaliwa huru tutatoa udhuru gani?