Ndege Ikigeuza Njia, Nani Kaamua?

Kama umewahi kupanda ndege ya Kanda ya Ziwa msimu wa mvua, huenda tangazo hili unalijua: "Ndugu abiria, kutokana na hali mbaya ya hewa hatutaweza kutua." Likishatoka hilo, kila mtu ndani ya ndege anakuwa rubani. Huyu anasema kepteni mwoga, yule anadai mafuta yamekwisha, na mama wa kiti cha nyuma keshaanza kusali kwa sauti.

Mimi lilinikuta mwaka 2016 nikienda kwetu Tarime kwa ajili ya mahari yangu. Wazee wa upande wa mchumba walikuwa wameshafika, na kwenye ukoo wetu binti lazima aitwe mbele ya watu aulizwe: wageni hawa unawafahamu? Asipojibu, hakuna ng'ombe anayehesabiwa. Sasa mwenye jibu yuko juu ya Mwanza usiku, anazungushwa angani mara ya tatu, radi zinamulika ziwa zima, halafu anaambiwa tunakwenda Kilimanjaro. Kilimanjaro jamani! Upande mwingine kabisa wa Serengeti.

Tuliposhuka nikampigia baba mdogo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, si hapa Musoma pana uwanja? Huyo mura alishindwa nini kushuka Musoma?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira tu, maana msemaji wa wageni alikuwa ameshatamka kwamba kukipambazuka anaondoka. Kesho yake tulirudishwa Mwanza, nikakamata gari, nikaingia nyumbani alasiri. Wazee walikuwapo bado, shingo upande, na upande wetu ukapigwa faini ya mbuzi kwa kuwaweka wageni. Baba mdogo akataka mbuzi huyo alipwe na kepteni.

Swali lake likanikaa kichwani. Nikamtafuta rafiki yangu mmoja ambaye ni rubani, nikamuuliza vilevile alivyouliza mzee. Akacheka. Kumbe Kilimanjaro haikuchaguliwa kwenye radi. Ilichaguliwa tukiwa bado Dar, sisi tunapanga foleni na mabegi yetu.

Kabla ndege haijaondoka, karatasi ya safari huandikwa unakokwenda na pia uwanja mbadala. Mafuta hupimwa kwa kufuata karatasi hiyo: ya kukufikisha unakokwenda, nyongeza ya dharura ndogondogo, ya kutoka hapo hadi uwanja mbadala, na juu ya hayo yote akiba ya mwisho ambayo kwa ndege za jeti ni ya kuelea angani dakika 30. Hiyo akiba haiguswi hivihivi. Rubani akiona atatua nayo imepungua, hana budi kutangaza hatari. Kwa hiyo kule kuzunguka kwetu juu ya Mwanza kulikuwa na saa inayohesabu. Mafuta yakishuka hadi kiwango cha kufika Kilimanjaro na akiba ibaki, mjadala umefungwa. Waongoza ndege humpa habari za upepo, mawingu na viwanja vilivyo wazi, lakini neno la mwisho ni lake yeye kepteni.

Na Musoma? Wakati ule njia yake ya kurukia ilikuwa ya changarawe. Rubani haulizi tu wapi ni karibu. Anauliza njia ina urefu gani, itabeba uzito huu, taa zipo usiku, zimamoto wana uwezo gani, na dhoruba iliyofunga Mwanza haijafika na huko? Musoma na Mwanza zinakunywa ziwa moja, na mvua yake ni hiyohiyo. Kilimanjaro ina njia ya mita 3,600 na iko mbali na mawingu yale. Mbali ndiyo ilikuwa sifa yake.

Wapo waliotua pa karibu. Desemba 18, 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilikuwa ikienda huko huko Kilimanjaro. Ndege ndogo ikawa imekwama kwenye njia ya kurukia. Lile dude likaja kutua uwanja wa Arusha, wenye njia ya kama mita 1,600 iliyozoea ndege ndogo za watalii. Likasimama kwenye majani. Hakuna aliyeumia, lakini abiria walikaa ndani muda mrefu kwa sababu ngazi ya kufikia mlango wa ndege kubwa namna ile haikuwapo. Baadaye liliondolewa bila abiria ili liwe jepesi. Mimi hapo ndipo nilipoelewa suala la ngazi. Hata ukifika salama, bado unahitaji kushuka!

Halafu ikaja Novemba 6, 2022. Mimi na mume wangu (ndiyo, huyo huyo wa ng'ombe) tulikuwa sebuleni taarifa za Bukoba zilipoanza kuingia. Ndege ya Precision Air, ATR, ikitoka Dar, imeangukia ziwani karibu kabisa na uwanja, hali ya hewa mbaya. Watu 43 ndani, 19 wakafariki, marubani wote wawili wakiwemo. Siko hapa kuwahukumu marehemu. Ila usiku ule nilikumbuka nilivyokuwa nimenuna kwenye kiti changu juu ya Mwanza, nikitamani ashuke tu, vyovyote vile, nikaseme "nawafahamu".

Jioni ile baba mdogo alipiga simu kutoka Tarime. Aliuliza watoto, akaulizia kazi. Kisha akasema, "Ile ndege yenu ya siku ile, mafuta yalitosha kweli?"

Nikamwambia yalitosha, na mengine yakabaki.