Kutoka Nakuru Hadi Kabete Kutafuta Ufundi wa Dizeli

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Nairobi ana mwendo wa kilomita 160 hivi, na sehemu kubwa ya njia hiyo yumo nyuma ya lori. Toka Gilgil hadi Naivasha malori hufuatana kama siafu. Yakifika Mai Mahiu, karibu na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, huanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa polepole, kwa mngurumo na moshi mweusi. Karibu yote huendeshwa kwa dizeli.

Nalipita huko mwezi wa Januari pamoja na mpwa wangu. Tulipofika kwenye kona moja ya mlima ule alinigusa mkono akasema, "Ni hapa, Mjomba."

Mwaka uliotangulia kijana huyu alikuwa akishika spana katika gereji moja ya Nakuru. Siku moja walitumwa kwenye lori la viazi lililozimika pale kwa kuishiwa mafuta. Dereva alikwisha kutia mafuta mengine, lakini injini ilikataa kuwaka, naye akapiga starta hata betri ikafa. Mpwa wangu, kwa kutaka kuonekana fundi, akaifungua pampu ya mafuta papo hapo kando ya barabara, katika vumbi na upepo. Lori lilivutwa, viazi vikakosa soko, na deni la pampu iliyoharibika tukalilipa sisi jamaa kidogo kidogo kwa miezi saba. Simlaumu sana, kwani hakuna aliyepata kumwambia ndani ya pampu mna nini. Hata hivyo dada yangu hakupenda aache gereji, maana jioni hakukosa kuleta chochote nyumbani, na shule huchukua fedha badala ya kuzileta.

Chuo cha Kabete kiko kando ya barabara kuu, ukishapita Kikuyu na Kinoo. Kilianzishwa mwaka 1924, zamani za ukoloni, kuwafundisha vijana Waafrika kazi za mikono. Siku hizi ni chuo cha taifa cha ufundi. Mwalimu mmoja alitukaribisha katika karakana, akatusimamisha mbele ya injini iliyokatwa ubavu ili matumbo yake yaonekane.

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina plagi hata moja. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda hata ujazo wake ubaki sehemu moja ya 16, au chini ya hapo, ikapata joto lipitalo digrii 500; ndipo mafuta yarushwapo ndani kama ukungu, yakawaka yenyewe. Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha injini ya namna hiyo huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Mwalimu alituonya tusiweke kidole mbele ya nozeli inapojaribiwa, kwa kuwa mafuta yale hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini.

Kisha akaweka mezani, juu ya kitambaa safi, vipande viwili vya pampu vinavyoingiana. Nafasi iliyo kati yake ni elfu chache tu za milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuipita mara nyingi. Chembe moja ya vumbi yatosha kukwaruza chuma kile. Mpwa wangu aliinama akavitazama kwa muda mrefu, wala hakusema neno.

Mwishowe aliuliza habari ya lori lililoishiwa mafuta. Mwalimu akamweleza kuwa mafuta hayashindiliki upesi, bali hewa hushindilika. Hewa ikiingia katika mabomba, pampu huibana bure na nozeli haifunguki. Akampa spana, akamwonyesha skrubu ndogo ya kulegeza na pampu ya mkono ya kusukuma. Mafuta yalitoka na povu, kisha yakatoka safi. Skrubu ikakazwa, starta ikapigwa, injini ikanguruma. Hazikupita dakika kumi.

"Basi ni hilo tu?" akauliza kijana, na sauti yake haikuwa ya furaha.

"Ni hilo kwa leo," akajibu mwalimu.

Tulikwenda ofisini kuandikisha jina. Dada yangu nilimpigia simu nikiwa njiani kurudi, peke yangu.